Orodha Iliyofungwa Inamfunga Mbunge

Katiba ya Rwanda ilifunguliwa 2023, na kosa kubwa likaachwa palepale. Kuunganisha uchaguzi wa rais na wa wabunge kumeokoa fedha. Hapo sina neno. Viti 24 vya wanawake vimefanya kazi yake. Lakini kuviacha viti 53 vya vyama chini ya orodha iliyofungwa, nchi nzima ikiwa jimbo moja, ulikuwa uamuzi mbovu, nami nimelipigia kelele jambo hili tangu 2003.

Rudini kwenye karatasi ya kura ya Julai 15, 2024. Tuliwekewa vyama na nembo zake. Majina ya wagombea wake hayakuwapo. Chama tawala, RPF, na washirika wake wakapata viti 37. Kwa hesabu hiyo wa 37 kwenye orodha yumo, wa 38 hayumo, na hakuna mpiga kura wa Nyamirambo wala Rusizi aliyeweza kumsogeza yeyote hata nafasi moja. Foleni ilipangwa chamani kabla ya kampeni. Mbunge akifukuzwa na chama, kiti kinamponyoka, na anayefuata kwenye orodha anakikalia bila uchaguzi mdogo.

Mtu hujituma kule anakopimwa. Mbunge huyu anapimwa na wapanga orodha, basi kikao cha chama hakosi, kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, anaonekana, ila kumbana waziri hadharani hakumwongezei kura hata moja. Mchapakazi na mvivu wanabebwa na nembo ileile.

Najua jibu nitakalopewa: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 tulikimbia majimbo yanayozaa siasa za ukabila na ukanda. Ni hoja nzito, lakini orodha wazi haidai majimbo. Uholanzi viti 150 vinagawanywa kwa kura za nchi nzima, na bado mpiga kura anachagua jina. Aliye chini akipata kura za kutosha anawaruka wa juu.

Mwalimu Nyerere wa Tanzania alilijua mapema hili la kumpima mtu. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU iliwapa wapiga kura wagombea wawili, jembe na nyumba, na Waziri wa Fedha Paul Bomani akaangushwa. Chama kilibaki madarakani. Aliyeondoka ni mtu.

Kabla ya uchaguzi wa 2029 Katiba ifunguliwe tena. Majina yawe kwenye karatasi, na kura za mwananchi ndizo zipange foleni ndani ya orodha ya chama.