Mwili Ule Ule, Ubongo Mwingine

Kwa roboti ya kukata nyasi, kukata ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua ilipo. Husqvarna ya Sweden ilipotoa Solar Mower mwaka 1995, ililikwepa swali hilo: mwenye bustani alizungushia eneo lake waya wenye umeme mdogo, na mashine ilipohisi uga wa sumaku wa waya huo iligeuka na kushika njia nyingine yoyote. Ilizurura bila ramani. Kwa kuwa ilizurura siku nzima, nyasi zilikatwa, ila waya ukikatika kwa jembe, kazi imekwisha.

Mradi wa programu huria uitwao OpenMower ulianzia kwenye tatizo hilo la waya. Ulichukua mashine ya bei nafuu, YardForce Classic 500, ukauacha mwili wake, yaani magurudumu, mota na visu, ukang'oa bodi ya kielektroniki. Mahali pake ikaingia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pamoja na kipokezi cha RTK, yaani GPS inayosahihishwa. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na kosa la mita mbili tu linatosha kuifikisha mashine kwenye maua ya jirani. RTK hutumia kituo kisichohama ambacho mahali pake panajulikana. Makosa yanayokipata kituo angani huipata pia mashine iliyo karibu, kwa hiyo kituo huyapima na kuitumia mashine masahihisho. Kosa hushuka hadi sentimita chache.

Mpaka nao hauhitaji waya tena: unaiendesha mashine ukingoni kwa kidhibiti cha michezo ya video, nayo inaukariri. Kupanga njia ndiko kulikonifurahisha zaidi. Badala ya kutunga hesabu mpya, waundaji wa OpenMower waliazima Slic3r, programu ya printa za 3D ambayo tayari inajua kujaza umbo kwa mistari sambamba. Bustani, kwa programu hiyo, ni tabaka moja tu la kuchapisha!

Lakini RTK inataka anga wazi. Chini ya miti minene inayumba. Tena haioni kilicho mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia mizoga ya kalunguyeye, ulikuta kwamba hakuna mashine iliyojaribiwa iliyomtambua mnyama kabla ya kumgusa. Anayetaka kuiboresha roboti hii sasa aanze na macho. Na kwa kuwa kalunguyeye hutembea usiku, mwenye nayo aiwashe mchana.