Mipira Mia Mahali Pamoja

Kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu wa michezo niliamini jambo moja tu: kwamba mwili hujifunza kwa kurudia. Mchezaji akikosea, arudie. Akipatia, arudie ili asisahau. Imani hiyo sikuitoa kitabuni. Niliirithi kwa walionifundisha, nao waliirithi kwenye gwaride na katika madarasa ambamo tuliimba jedwali la kuzidisha mpaka sauti zikatukauka. Leo nataka kuipima imani hiyo, kwa kuwa ilinifanya nimdhulumu mtoto wa watu.

Ilikuwa mwaka 1987, katika shule ya wasichana ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mfungaji wa netiboli mwenye mkono mwepesi. Kila jioni nilimsimamisha mbele ya goli, hatua tatu kutoka kwenye mlingoti, naye alirusha mipira mia. Siku za mwisho kabla ya mashindano alikuwa akitia themanini na zaidi, nami nikajisifu katika chumba cha walimu. Siku ya fainali mpira haukumkuta pale hata mara moja. Aliupata pembeni, pumzi zikimwenda mbio, mlinzi amemnyooshea mikono usoni. Alikosa, akakosa tena. Wakati wa mapumziko nilimwambia mbele ya wenzake kwamba amenitia aibu, na kwamba yote niliyomfundisha ameyasahau. Hakunijibu. Muhula uliofuata hakurudi uwanjani.

Ukweli ni kwamba hakuwa amesahau kitu. Aliulizwa swali ambalo sikumfundisha jibu lake.

Sisi tuliosomea ualimu tulikariri kanuni za Edward Thorndike, Mmarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20: tendo hukomaa kwa kurudiwa, na hudumu likifuatwa na matokeo mema. Ambalo mimi sikuambiwa ni kwamba Thorndike mwenyewe, kufikia miaka ya 1930, alikuwa ameacha kuiamini kanuni ya kurudia peke yake. Watu waliofumba macho na kuchora mistari ya urefu fulani mara nyingi, bila kuambiwa kama wamepatia, hawakuendelea hata kidogo.

Mwaka 1975 Richard Schmidt alieleza kwamba mwili hauhifadhi picha ya kila tendo, bali huokota kanuni ya jumla kutokana na matendo ya namna nyingi. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto vifuko vya maharage wavirushe kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi ya futi 3 tu. Jingine lilirusha kutoka futi 2 na futi 4, lisiiguse futi 3 kamwe. Walipopimwa kwa futi 3, watoto wa miaka 8 ambao hawakuwahi kuijaribu waliwashinda waliokuwa wakiifanyia mazoezi. Nilipoyasoma hayo nilikifunga kitabu, nikaikumbuka ile mipira mia.

Goode na Magill, mwaka 1986, walifundisha aina tatu za kuanzisha mpira katika badminton. Waliozichanganya bila mpangilio walikuwa bora zaidi mtihani ulipofika kuliko waliomaliza moja ndipo wakaenda nyingine. Mara nyingi katika majaribio ya namna hii anayerudia jambo moja huonekana hodari wakati wa mazoezi, na anayechanganya huonekana mzito. Siku ya kupimwa mambo hugeuka. Huo ndio mtego wa kocha: anachokiona jioni uwanjani ni utendaji wa saa ile tu, naye hudhani ndio ujuzi. Themanini zangu zilikuwa kweli, lakini zilikuwa za mahali pale na saa ile.

Kosa langu jingine lilikuwa mdomo. Kila mpira ulipotoka mkononi mwake nilisema: kiwiko, magoti, vidole. Utafiti wa Winstein na Schmidt wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba walioambiwa matokeo katika nusu tu ya majaribio yao walikumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko walioambiwa kila mara. Mwanafunzi asipoachwa ajihukumu, hubaki akimsubiri mwalimu, na ndani ya mstari wa uwanja mwalimu haruhusiwi.

Hata hivyo sitaki kuzisujudia nadharia hizi. Majaribio mengi yalifanywa kwa matendo mepesi, na nje ya maabara tofauti zimeonekana kuwa ndogo zaidi. Mtoto ambaye bado hajajua kuushika mpira, ukimchanganyia kila kitu siku ya kwanza, utamvuruga. Tena nadharia hizo huhesabu mipira iliyoingia, zikasema machache juu ya hofu. Albert Bandura, mwaka 1977, alitukumbusha kwamba mtu hujenga imani ya kuwa anaweza kutokana na mafanikio yake, kwa kuwaona wenzake, na kwa maneno anayoambiwa. Neno langu la siku ile lilibomoa. Wala sikuhitaji Bandura kulijua hilo. Ningemtazama usoni tu.

Siku hizi nimestaafu, nami hupita jioni karibu na kiwanja kimoja. Kijana mmoja huwafundisha watoto pale, amewapanga mstari, kila mmoja anapiga mpira kutoka alama ileile. Aliponiamkia nilimshauri awahamishehamishe.

"Lakini mzee," akasema, "wakihama wanakosa sana."

"Waache wakose hapa," nikamjibu, "wakati hakuna anayewacheka."

Yule binti sasa ni mama wa watu. Sijui kama hukumbuka fainali ile. Mimi naikumbuka, na aliyeshindwa mtihani siku ile alikuwa mwalimu.