Ufundi wa Mchangani

Mpira hautambai kwenye mchanga mkavu. Ukiachiwa chini, hugonga tuta la unyayo na kupindia kusikotarajiwa. Ndiyo maana fundi wa soka la ufukweni huuweka hewani. Huupenyezea vidole vya mguu kwa chini, akaunyanyua, akautuliza kwa paja, na kabla haujashuka ameshajirusha chali kupiga tikitaka. Hakuna ufundi wa kandanda ninaoustahi kuliko huo.

Pwani ya Bagamoyo, na kuteremka hadi Mbweni na Kunduchi, imeujua mchanga huu siku zote. Maji yakipwa, chini kule mchanga ulioloa huwa mgumu na mpira hukimbia. Juu, zilikopandishwa ngalawa, mchanga ni mkavu na mguu huzama hadi kifundoni. Siku za bamvua uwanja wa chandimu hupanuka. Siku za maji mafu hubana. Anayekulia hapo hujifunza kupiga hatua fupi, kuinua magoti, na kuamua la kufanya mpira ukiwa bado angani.

Mchezo rasmi unaheshimu elimu hiyo. Wachezaji watano kila upande, miguu mitupu, vipindi vitatu vya dakika 12, na mchanga wenye kina kisichopungua sentimita 40.  Mtazame mpigaji wa mpira wa adhabu anavyojiandaa: anakusanya kichuguu kidogo cha mchanga, anauketisha mpira juu yake, anarudi nyuma, anamkazia macho kipa. Kichuguu kikiegemea upande mmoja, shuti huenda na maji. Ufundi wote uko katika maandalizi hayo ya sekunde chache.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalichezwa Copacabana, Rio de Janeiro, mwaka 1995, na Brazil wakatwaa kombe nyumbani. Sisi tulichelewa, lakini tulifika. Desemba 2018 timu ya Tanzania ya soka la ufukweni ilicheza fainali za Afrika Sharm El Sheikh, Misri. Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka la kawaida, ambao hawakuwa wameonekana fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) tangu Lagos 1980, walitua Misri miezi sita baadaye, Juni 2019. Vijana wa mchangani walikuwa wametangulia, na wachache walijua. Wakarudi fainalini Senegal mwaka 2021, na tena Misri mwaka 2024.

Ubingwa wa Afrika, tangu 2016 hadi 2024, haukutoka mikononi mwa Senegal. Nao ni watu wa bahari na uvuvi kama sisi, ila wao waliupa mchezo huu makocha, ligi na subira. Ufukwe peke yake haufungi mabao. Fundi seremala wa majahazi hakuujua ufundi wake kwa kuzaliwa karibu na mbao. Alishikwa mkono na aliyemtangulia, akarekebishwa, akarudia.

Mtoto wa Bagamoyo anayeweza kuunyanyua mpira kwa vidole na kuupiga kabla haujagusa chini ameshafuzu somo gumu kuliko yote. Mwalimu, magoli yenye nyavu na mechi za mwaka mzima ni deni letu sisi watu wazima, na deni hilo linalipika.