Msafiri wa 'peke yangu' kisiwani Funzi

Riwaya ya Daniel Defoe, Robinson Crusoe (1719), imeturithisha dosari ya usimulizi. Crusoe anakaa kisiwani miaka 28. Anapomwokoa mtu, hamuulizi jina. Anampachika 'Ijumaa', kisha anamfunza Kiingereza. Wasimulizi wa leo wanaovuka kutoka upande wa Ramisi na kukaa Funzi miezi humwiga: 'niliishi peke yangu'. Peke yako vipi, bwana, na nahodha, mvuvi na mama aliyekupikia wapo? Hao wana Kichifundi chao, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia utafiti mwaka 1958. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la msimulizi ni lugha ya mwenyeji. Asiyelishika hajakaa kisiwani, amepita tu.