Kalamu na Msitu: Tawasifu za Mau Mau

Tawasifu za Mau Mau huhakikiwa aghalabu kama jibu la Mwafrika kwa propaganda za mkoloni. Usomaji huo ni wa haki, ila hauulizi ni nani aliyebahatika kuandika. J.M. Kariuki (1963) alisimulia kizuizi, hakupigana msituni. Waruhiu Itote (1967) alitekwa mapema, Januari 1954. Karari Njama, aliyetoa kitabu chake pamoja na Donald Barnett mwaka 1966, alikuwa mwalimu, kisha katibu wa Dedan Kimathi, na hapa ndipo penye utata. Mpasuko wa Nyandarua ulihusu, pamoja na mengine, elimu yenyewe. Stanley Mathenge na wenzake, wengi wao wasiojua kusoma, waliunda Kenya Riigi kulipinga Bunge la Kenya la Kimathi, kwa kuwa waliwashuku waliosoma. Mzozo huo twaupokea kwa kalamu ya mmoja wa walioshukiwa! Simnyimi Njama sifa: hamfichii Kimathi kasoro zake. Hata hivyo, Mathenge alitoweka mwaka 1955 bila kutuachia kitabu, na hoja za wafuasi wake twazisikia zikisimuliwa na mpinzani wao.