Mikono Kabla ya Uso

Stethoskopu ilikuwa imevaliwa kinyume. Msichana wa miaka 16 hivi alisimama kwenye baraza ya duka moja mjini Kitengela, koti jeupe la kuazima likimfika magotini, tabasamu limekwisha kuandaliwa. Nilidhani mpigapicha angebonyeza tu tuondoke. Akashusha kamera.

"Hebu igeuze, dada. Hivyo vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua."

Kumbe miaka ya nyuma alimpiga mwingine vivyo hivyo, akaitundika picha ukutani kwa fahari. Muuguzi mmoja aliyekuja kupigwa picha za pasipoti akaiona, akacheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku hiyo fundi huyu hampi mteja kifaa kabla ya kuuliza wenye kazi wanavyokishika.

Riziki yake hasa ni pasipoti, harusi na mahafali ya chekechea, yale ambayo mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu huvishwa joho. Lakini shule zikifungwa, vijana humjia wakitaka kupigwa wakiwa watu wanaotamani kuwa: rubani, wakili, mpishi, mhandisi. Siku hizi swali la utakuwa nani lina haraka yake. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026 wakiwa wameshachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kijana wa miaka 15 anatakiwa awe ameshajijua. Mimi nilipokuwa na umri huo nilikuwa sijui hata saizi ya kiatu changu.

Kupigwa picha na kitu usicho nacho si jambo geni. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na wateja wake walipigwa na redio, saa, hata na gari lake mwenyewe. Kwetu, kwenye kivuko cha Likoni miaka ya 1990, wapigapicha walitundika mapazia yenye meli na ndege za kuchorwa, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege akasimama mbele yake kama msafiri. Vitu hivyo vilikuwa mapambo, na vilipendeza. Meredith Hutchison alifanya jingine katika mradi wa Vision Not Victim, ulioanzia mashariki mwa Kongo na baadaye ukawafikia wasichana wakimbizi wa Syria waliokuwa Jordan. Huko msichana mwenyewe alichora kwanza picha aliyoitaka na kuamua atakuwa akifanya nini ndani yake, ndipo kamera ikaletwa. Fundi wetu wa Kitengela sijamsikia akiutaja mradi huo. Ila naye humpa mteja kalamu na mgongo wa risiti, amchoree.

Kisha mwanga, na hapa ndipo subira yake inaponishinda. Koti jeupe na uso mweusi ni wagomvi mbele ya kamera. Ukilipimia koti, uso unazama gizani. Ukiupimia uso palepale juani, koti linawaka kama bati jipya. Katika nyanda hizi, kufika saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali, na malori ya barabara ya Namanga yameshatimua vumbi. Kwa hiyo humweka mteja ndani ya kivuli cha baraza, akatandaza gunia jeupe la unga pale jua linapoishia, mwanga upande taratibu mpaka chini ya macho. Hupimia shavu. Helmeti ya mhandisi ndiyo balaa, kwa sababu ukingo wake hufunika macho yote mawili. Hapo gunia huvutwa hadi karibu na vidole vya miguu na kidevu huinuliwa kidogo, kidogo sana, la sivyo mhandisi anageuka mtu wa majivuno. Nilitazama saa: dakika 20 zilipita kabla ya picha ya kwanza.

Wako wanaoyamaliza hayo kwa kompyuta, wakabandika uso wa kijana juu ya mwili wa rubani. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa bingwa wa kuunganisha picha muda mrefu kabla ya kompyuta, na heshima yake haipungui. Lakini hawa wa leo wanasahau mikono. Mikono iliyoshika usukani ni ya mtu mwingine, na huonekana hivyo.

Mjini Kajiado, nikiwa na fundi wetu, niliona upande wa pili wa jambo hilo la mikono. Kijana aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alikuja na ndama na bomba la sindano lisilo na ncha. Alilishika bomba kama kalamu ya mtihani. Ndama alipojaribu kuchomoka, kijana aliliachia, mkono ukapita chini ya taya, kidole gumba kikaingia pembeni mwa mdomo, mnyama akatulia. Mkono huo ulikuwa umeshanywesha ndama wengi dawa. "Hilo bomba tia mfukoni," fundi akasema, akapiga magoti vumbini kungoja masikio ya ndama yageuke mbele. Yalichukua muda wake. Ndama hana haraka ya kuwa chochote.

Yule msichana wa Kitengela nilimwacha njiani. Alipokwisha kugeuza stethoskopu, fundi alimwambia asikilize moyo wake mwenyewe. Hakusikia kitu, kile kichwa cha chini kilikuwa kimezungushwa upande usiofaa. Wakakizungusha, akakigonga kwa kucha, akashtuka kwa ule mshindo masikioni, akakiweka tena kifuani. Lile tabasamu la maandalizi likamtoka. Macho yakatua chini, mdomo ukafunguka kidogo, vidole vikakibana kile chuma bila kuambiwa.

Fundi akabonyeza mara mbili tu.

"Anko, kumbe moyo unakimbia hivi?" msichana akauliza, bado akisikiliza.