Mzabibu wa Tukuyu Huchaguliwa kwa Jani

Mtu wa Tukuyu anayetaka mizabibu michache nyuma ya nyumba, apate divai ya kunywa na familia, kwa kawaida huitazama Dodoma. Miche iko huko, na wenye ujuzi wako huko. Lakini akiichukua miche pamoja na utaratibu wake mzima, atashindwa, kwa sababu ukavu uliowafanikisha wakulima wa Dodoma haupo Rungwe, wilaya ambamo Tukuyu imo.

Tuanze na namna Dodoma ilivyofanya. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu miaka ya 1950, na baadaye kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa kinapima aina mbalimbali. Zilizoshika mizizi kwa ajili ya divai ni pamoja na Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 700 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mzabibu usiopata baridi kali kama ya Ulaya haulali, kwa hiyo msimu wake unaamuliwa na mkasi. Mvua zikiisha mkulima anapogoa, mti unachipua, unachanua na kuivisha katika ukavu, naye anavuna Agosti au Septemba. Akipogoa tena, anavuna Februari au Machi. Aina za zabibu zilichangia, lakini naamini kalenda ya kupogoa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Tukuyu ni habari nyingine. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Nyasa, inagonga milima na kugeuka mawingu, na hata miezi isiyo na mvua nyingi majani huamka yamelowa. Adui wa kwanza hapa ni ubwiri vinyoya. Wakulima wa Ulaya wana kanuni ya kumi tatu: machipukizi yakifika sentimita 10, ikanyesha milimita 10 ndani ya siku moja au mbili, na joto likawa angalau nyuzi 10, ugonjwa unaweza kuingia. Tukuyu mwezi Aprili masharti hayo hutimia kwa urahisi mno. Adui wa pili, ubwiri unga, hahitaji jani lililolowa. Kivuli na mawingu vinamtosha. Kwa hiyo hata siku isiyo na mvua si salama.

Chenin Blanc na Syrah ni za jamii ya Vitis vinifera, iliyoishi karne nyingi bila kukutana na maradhi haya. Ubwiri vinyoya ulifika Ufaransa kutoka Amerika mwaka 1878, na dawa ya mrututu na chokaa ikatangazwa huko Bordeaux mwaka 1885. Bado inafanya kazi. Lakini katika mvua ya Tukuyu dawa hiyo inaoshwa upesi, unapuliza tena na tena, na shaba iliyomo kwenye mrututu inajikusanya kwenye udongo ule ule unaopanda mboga. Kwa lita chache za divai ya nyumbani, mimi sioni faida yake.

Ndiyo maana nasema chagua jani kwanza, ladha baadaye. Mizabibu ya asili ya Amerika na machotara wake imekua pamoja na maradhi haya na inayahimili vizuri zaidi. Wahamiaji wa Kiitalia walioanza kuingia milima ya kusini mwa Brazili mwaka 1875 walikuta mvua nyingi, aina zao za Ulaya zikawashinda, wakajenga kilimo chao juu ya zabibu iitwayo Isabella. Karibu nasi zaidi, Madagaska, wakulima wa Fianarantsoa wanatengeneza divai kwa machotara kama Couderc 13 na Villard. Isabella ina harufu nzito inayokaribia stroberi, na waliozoea divai za Ulaya huikataa. Mimi ningeipokea bila kusita kuliko kuangalia Syrah ikiozea mtini.

Lakini Isabella inachelewa kuiva na inataka joto, na hapo wilaya inagawanyika. Mji wa Tukuyu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Masoko liko kama mita 840. Tofauti hiyo ni karibu nyuzi nne za joto, na kwa zabibu ni tofauti kubwa sana. Masoko ningepanda Isabella. Tukuyu mjini ningetafuta chotara anayewahi: Léon Millot kwa nyekundu, aliyezalishwa Colmar mwanzoni mwa karne iliyopita, au Solaris kwa nyeupe, aliyezalishwa Freiburg mwaka 1975. Miche ya aina hizo lazima ipite kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kuingiza pingili kwa kuzificha kwenye begi ni kuwaletea majirani virusi na wadudu wa mizizi. Jambo hilo lisifanyike kabisa.

Asiyeweza kusubiri kibali aanze na Makutupora, lakini chini ya paa. Kichanja cha miti, juu yake nailoni angavu, pembeni wazi ili upepo upite. Jani lisipolowa, ubwiri vinyoya hauna mlango. Aina bora ikipatikana baadaye, anaibebesha juu ya shina lile lile, kazi ambayo mafundi wa miche ya parachichi Rungwe wanaielewa vizuri.

Udongo wa volkano una rutuba nyingi kupita kiasi kwa mzabibu: unaota majani mengi na kujitia kivuli. Usiweke samadi, na usipande karibu na migomba, kwani kivuli chake kinahifadhi unyevu. Mteremko unaotazama kaskazini ndio bora, kwa kuwa Juni na Julai jua linapita upande huo.

Kalenda nayo ibadilike. Pogoa mwishoni mwa Mei, mvua zikilegea, ili maua yatoke kipindi kikavu na mavuno yawahi kabla mvua za Novemba hazijakolea. Vuna mara moja tu kwa mwaka. Vichala vitakavyotokea wakati wa masika vikatwe vikiwa vichanga, mti ubaki ukijenga akiba.

Ukishavuna, kumbuka kwamba zabibu za maeneo ya baridi huwa na sukari kidogo na uchachu mwingi. Juisi yenye sukari asilimia 16 itatoa kilevi cha karibu asilimia 9. Kila gramu 17 za sukari kwa lita zinaongeza kama asilimia moja, hivyo gramu 34 zinakufikisha 11. Pima kabla ya kuongeza, na ongeza kabla chachu haijaanza kazi.